Dumu Hanuki

Sili alikufa kwa njaa, na tumbo lake lilikuwa limejaa samaki.

Nasema mapema ili mwenye moyo mwepesi aweke sahani yake pembeni. Mimi sikupata nafasi hiyo. Dokta Kokushubira alinishikisha mapezi ya nyuma ya mnyama yule, akaniambia, "Shika vizuri, Somoe, asiteleze," akapitisha kisu kutoka kifuani hadi chini. Ngozi ikaachia. Sili ni mnyama wa damu moto anayeishi bahari ya barafu, na chini ya ngozi yake panatakiwa kuwa na mafuta, tena mafuta ya kutosha, maana ndiyo blanketi lake katika maji haya. Huyu hakuwa na kitu. Mbavu zilihesabika. Kisha Dokta akafungua tumbo lenyewe, na samaki wakaanza kumwagika juu ya barafu, mmoja baada ya mwingine, wazima, wanang'aa, macho maangavu, utasema wametolewa majini asubuhi ile.

"Khaa!" nikasema. "Amewameza lini hawa?"

"Wengine tangu mwaka jana." Akamgeuza mmoja kwa ncha ya kisu. "Tazama, hata pezi halijalainika."

Hapo ndipo kichefuchefu kiliponipanda. Si kwa sababu ya damu, damu nimeizoea. Nimekulia Kilwa Kivinje, mama yangu alikuwa akikaanga samaki sokoni, na shombo lilikuwa kwenye kanga zake, kwenye nywele zetu, kwenye mto niliolalia. Kilichonichafua roho ni kwamba nimeinama juu ya matumbo yaliyopasuliwa, pua yangu imekaribia kugusa samaki waliokaa humo mwaka mzima, na sisikii harufu yoyote. Hakuna. Ni sawa na kunusa kikombe cha plastiki. Ptuu! Nilitema mate pembeni, yakaganda kabla sijasimama wima.

Huyo ndiye dumu. Jina lake la maabara ni refu na silitaki mdomoni. Watu wa nyumbani walimwita dumu kwa sababu anadumu, na watani wakaongeza kwamba ana ladha ya dumu la mafuta ya taa. Asili yake ni samaki wa huku huku kusini ya mwisho, ambako maji ni baridi kuliko barafu na hayagandi kwa sababu ya chumvi, na damu ya samaki ina dawa yake yenyewe ya kuzuia kuganda. Shirika, huyu mwajiri wetu, lilimchukua likamgeuza nyama. Dokta huniambia kwamba vijidudu vyote vya dunia vina meno ya mkono wa kulia, na nyama ya dumu imesukwa mkono wa kushoto, kwa hiyo hakuna kinachoweza kumng'ata. Haozi. Unamtundika kwenye msumari jikoni, bila chumvi, bila moshi, bila friji, na anakungoja. Siku ya kumpika unatia kwenye chungu pakiti ya unga inayoitwa kifungua, maji yanakuwa meupe, ndipo mwili unaweza kumpokea. Bila kifungua utakula dumu ushibe, na utakufa umeshiba.

Sili hana kifungua. Nani angempelekea?

"Njoo uone na chini," Dokta akasema, akafuta mikono kwenye theluji.

Sikutaka. Nilikwenda. Kwenye kibanda cha kisima, yaani lile tundu tulilotoboa kwenye barafu hadi baharini, alikuwa ameshusha kamera mpaka sakafu ya ghuba. Zamani alipenda kunionyesha sakafu ile: sifongo warefu kupita mtu, buibui wa baharini wanaotembea polepole, viti vya pweza wekundu wametapakaa kila mahali. Wote wanakula kinachoanguka kutoka juu. Na sasa kinachoanguka ni dumu, vichwa na matumbo kutoka vizimba tunamomfugia, na waliojifia, wamerundikana wasioze. Kiti cha pweza mmoja alikuwa amemkumbatia dumu. Nadhani mnajua mnyama huyu anavyokula: hutoa tumbo lake nje, akalifunika juu ya chakula. Huyu alikuwa amelitoa tumbo, limejitandaza juu ya ubavu wa samaki, limepauka, na pembeni yake wenzake wengi wamekufa katika mkao ule ule, matumbo nje.

"Zima," nikamwambia. "Zima, Dokta, nitatapika."

"Bahari inaishi kwa kuoza, Somoe. Mfu akioza, mbolea inapanda juu, inalisha majani madogo yaliyo chini ya barafu, majani yanalisha uduvi, uduvi wanalisha kila mtu. Hata dumu mwenyewe anakula uduvi." Akazima. "Na uduvi mwaka huu wamepungua tena."

*

Kazi yangu ni kunusa. Msicheke. Mashine zipo, lakini mashine hutafuta kile ilichoambiwa itafute, na pua hulalamika hata kwa kitu isichokijua. Kwa hiyo kila ghuba ina mnusaji, na mnusaji hali kitunguu, hapaki mafuta mazuri, hajifukizi udi. Siku ya Idi nilikaa chumbani kwangu na sabuni isiyo na harufu, nikajiona maiti. Kila samaki ninamfunua mashavu, naweka pua kwenye matamvua, nasema kauli yangu: hanuki. Miaka yote nimesema neno hilo hilo moja. Na kiapo chetu ni kimoja tu, kutosema uongo juu ya kile pua ilichosikia.

Siku mbili baada ya yule sili, nilikuwa nachukua mfano kutoka kizimba cha chini, kile kinachokaribia sakafu. Nikafunua mashavu ya samaki wa kwanza.

Shombo.

Nikarudi nyuma. Nikadhani ni kumbukumbu inanichezea, maana pua iliyofungiwa huanza kuota. Nikainama tena. Shombo kweli, lile la sokoni, la mikono ya mama. Nikabonyeza tumbo kwa kidole na kidole kikazama, kikatoka na ute wa rangi ya kamasi, na hapo ikanipiga vumba yenyewe, nzito, tamu-tamu, ya kitu kilichokwisha haribika. Nilitapika kwenye ndoo. Nikajifuta, nikarudi kunusa. Nikatapika tena. Nilikuwa nalia, na sijui hata nilikuwa nalia nini, furaha au kinyaa, vyote vilikuwa kooni mwangu pamoja na ule ute.

Nilimfunga samaki kwenye mfuko, nikampeleka kwa Dokta. Alikaa kwenye hadubini mpaka nikamgusa bega.

"Wanamla," akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Somoe, wanamla! Vijidudu vya sakafuni. Vimeota meno ya kushoto. Vyenyewe, bila mtu!" Akanikumbatia, mimi ninayenuka matapishi, tukaruka-ruka humo maabara kama wendawazimu.

Halafu tukaacha kuruka. Tulikumbuka kanuni kwa wakati mmoja, nikaiona usoni mwake.

Kanuni ni hii: mnusaji akisema ananuka, ghuba inachemshwa. Ndivyo tunavyosema, ingawa hakuna moto. Pampu zinasukuma dawa chini ya barafu mpaka sakafuni, kila chenye uhai kinakufa, kikubwa na kidogo, kisha Shirika linapanda dumu wapya katika maji safi. Ghuba ya jirani walishaichemsha kwa harufu isiyokuwa hata harufu, mnusaji alikuwa na jino bovu. Nimeyaona maji yake. Hamna hata konokono.

"Usiseme," Dokta akaniambia.

"Niseme nini basi? Kesho kizimba chote kinapandishwa kwa ajili ya meli, na meneja atasimama pale pale."

"Sema hanuki. Kabla ya kupakiwa wanapita kwenye mionzi, vijidudu hivi vitakufa, havitafika nyumbani kesho wala keshokutwa. Lakini humu ghubani vitabaki. Vitasambaa."

"Na siku vitakapofika nyumbani?"

"Dumu ataoza," akasema. "Kama samaki yeyote."

"Kwenu Muleba mnakula dumu?"

"Kwetu tuna ndizi."

"Ehee! Ndiyo maana neno limekuwa jepesi mdomoni mwako." Nilimpandishia, sikujali udaktari wake. "Sisi bahari yetu imepata joto, samaki wamehama, umeme unakuja ukijisikia. Usiponitundikia huyo dumu wako msumarini, wanangu wale nini? Wale viti vya pweza?"

"Huna watoto, Somoe."

"Nina wa mdogo wangu. Ni wangu."

Akavua miwani, akajisugua macho. "Sikiliza, dada yangu. Uduvi wakiisha, dumu naye anaisha. Njaa inakuja kwa njia zote mbili. Hii yangu inakuja taratibu, watu wakiambiwa wanaweza kujipanga. Hiyo ya Shirika itakuja siku moja, kote, na bahari haitakuwa na cha kutupa tena."

"Una hakika?"

"Sina," akasema. Nilimheshimu kwa jibu hilo, na nilimchukia.

*

Nilimpigia mdogo wangu Mwanahawa. Anapika katika kambi ya waliohamishwa pwani, nje kidogo ya Nangurukuru, na simu zetu Shirika linazisikiliza, kwa hiyo nilijua siwezi kumwambia kitu.

"Dada! Uso umekuwa mweupe, huko hamna jua?"

"Jua lipo, wakati huu halizami kabisa. Halina kazi tu. Nasra hajambo?"

Akageuza simu. Nasra, mwanawe wa mwisho, alikuwa amekaa kwenye mkeka anatafuna mkia wa dumu. Mlipaswa kumwona kabla. Nywele zilikuwa nyekundu na zinang'oka, miguu imevimba, ngozi inabanduka, mtoto halii wala hachezi, amekaa tu. Nilimbeba likizo yangu moja na sikusikia uzito. Dumu ndiye aliyemrudisha. Sasa ana mashavu, na alinionyesha ulimi uliojaa samaki.

"Kinyaa!" nikamwambia, naye akacheka mpaka akapaliwa.

"Mwanahawa," nikasema, "unakumbuka mama alivyokuwa akifanya ng'onda? Alikuwa anampasua samaki mgongoni au tumboni?"

"Mgongoni. Kwa nini?"

"Nimekumbuka tu. Anampaka chumvi, anamwanika. Ungeweza wewe?"

"Nani ana chumvi ya kuchezea? Na ya nini, wakati dumu hajui kuoza?" Akanitazama vizuri, kilemba kimemlegea. "Dada, unaniletea habari za njaa?"

"Sijasema njaa."

"Hujasema. Nakujua, ukikwepa jambo unaanza kumtaja mama." Akashusha sauti, hata kama kushusha hakusaidii kitu. "Mimi sirudi kule. Nimeshamshika mtoto wangu usiku nikisikiliza kama anapumua. Sirudi."

Nikamwambia asifanye ujinga, nikamwambia nampenda, nikakata. Kisha nikakaa kwenye kitanda nikiwa na hasira na kila mtu: Dokta na ndizi zake, Shirika, bahari yenyewe. Ningepewa nafasi ningemzaba kofi hata yule sili.

*

Meneja wetu, Bwana Lyatuu, si mtu mbaya, na ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya. Ni mtu wa Machame mwenye mafua yasiyopona, barakoa ya kupasha hewa haimtoki usoni, na kila siku ya meli huja na chupa ya chai ya tangawizi akatumiminia sisi kwanza. Samaki walikuwa wamepangwa kwenye meza ndefu. Kwa mbali ungeona wote sawa. Mimi nilisikia vumba tangu mlangoni, nikajitahidi nisikunje uso. Dokta alisimama nyuma karibu na ukuta, hakutazama meza.

"Haya, Dada Somoe," akasema Lyatuu, akapiga chafya. "Tusimchoshe nahodha."

Ukutani kuna mashine tunayoiita Sikio. Ndilo linalopokea kauli, na ndilo linaloamuru pampu, bila binadamu katikati, eti ili pasiwe na rushwa. Nilifunua mashavu ya samaki wa kwanza. Kamasi lilikuwa limeshafika kwenye jicho. Nilinusa kama kiapo kinavyotaka.

"Mnusaji, toa kauli," Sikio likasema.

Sasa mimi nilikuwa nimejipanga. Sikutaka kusema uongo, na sikutaka kuua ghuba, na nilikuwa nimelala na neno moja kichwani nikajiona mjanja. Kweli samaki yule aliniletea soko la Kivinje na mama yangu, je, hiyo si harufu nzuri? Nikasema kwa sauti kavu:

"Ananukia."

Lyatuu akacheka ndani ya barakoa. "Ananukia! Leo umeamkia ushairi?"

Taa ikawa nyekundu. "Kauli imepokelewa," Sikio likasema. "Ananuka. Pampu zinaandaliwa."

Waliolifundisha Sikio Kiswahili walilifundisha kwa vitabu, na katika vitabu nukia ni mtoto wa nuka, basi likaona ni neno lile lile limevaa mkia. Mtu yeyote aliyewahi kuoa Uswahilini anajua tofauti ya mke anayenukia na mke anayenuka. Mashine haijaoa. Chini ya miguu yetu barafu ikaanza kutetemeka, pampu zikivuta dawa kutoka matangini.

"Rudia!" Lyatuu akanipigia kelele. "Irudie vizuri! Si umesema nukia? Futa kauli, sema hanuki!"

"Kufuta kauli kunaruhusiwa," Sikio likasema.

Dokta akanitazama mara moja tu. Hakutikisa kichwa wala hakusema, na afadhali, maana angesema neno ningemtukana. Ujanja wangu ulikuwa umekwisha. Yalibaki maneno mawili, moja la kweli na moja la uongo. Nikisema kweli, wale wa chini wote wanakufa leo, na vile vijidudu vilivyojifunza kumla asiyelika vinakufa pamoja nao, na Nasra anaendelea kutafuna mkia wake mpaka uduvi waishe. Nikidanganya, iko siku mdogo wangu atamtoa samaki msumarini na kidole kitazama. Itakuwa mimi. Si Shirika, si Dokta. Mimi, dada yake, nitakuwa nimeingiza mkono jikoni kwake nikaozesha chakula cha mtoto, kwa matumaini ya bahari ambayo yeye hajawahi kuiona. Roho iliniuma, nasema wazi, niliichukia pua yangu. Niliona tena yale matumbo yaliyotolewa nje, yamepauka, yanangoja chakula kilicho chini yao. Na nikamwona Nasra katika hali ile ile, kambi nzima, wameshika dumu wa mwisho.

"Hanuki," nikasema.

Mtetemo ukakatika. Lyatuu akaketi kwenye kreti, jasho linamtoka katika baridi ile. "Ee Mungu wangu," akasema. "Dada Somoe, utaniua." Kisha akaonekana kuona haya. "Lakini unajua utaratibu. Anayefuta kauli, anakula. Samaki yule yule. Sikio litangoja mpaka umeze."

"Najua."

"Ni kwa ajili ya usalama tu. Mtu akifuta kwa kudanganya, hawezi kula."

"Nimesema najua, Bwana Lyatuu. Leta maji ya moto."

Alimkata yeye mwenyewe, kwa heshima, kipande cha tumboni akidhani ananipendelea. Kisu hakikupata kazi. Nyama iliachana yenyewe na mifupa, na kitu cheupe kilichokuwa ndani kikamwagika kwenye bakuli. Akaweka kifungua, ambacho samaki yule hakukihitaji tena, akamimina maji ya birika, na mvuke ukapanda. Jamani. Dokta alifunika pua kwa kiganja akageukia ukuta, akajifanya anakohoa. Lyatuu alipiga chafya, akanisogezea kijiko, akanitazama usoni kama anavyotakiwa kutazama.

Nikatia mdomoni. Haikuhitaji kutafunwa. Ilikuwa ya uvuguvugu, ina uchachu na utamu pamoja, ikateleza mpaka kwenye koo ikagoma, ikataka kurudi na kila kitu nilichokula tangu jana. Machozi yalinijaa. Nikafikiri nikitapika hapa, pampu zinawaka. Nikameza. Ikapanda. Nikameza tena kile kile, kikiwa kimechanganyika na nyongo yangu sasa, nikakisikia kikishuka chote, kidogo kidogo, mpaka chini.

"Kauli imefutwa," Sikio likasema, na taa ikawa kijani.

Lyatuu hakuondoa macho. Nadhani alikuwa ameona koo langu likicheza. "Vipi?" akauliza polepole. "Mzima kweli?"

Nikalamba kijiko pande zote mbili, nikakiweka juu ya bakuli, nikamsogezea.

"Mtamu," nikamwambia. "Nikatie na cha mgongoni."